Kulea ni Kulea, Kuasili ni Jambo Jingine

Karatasi zilikuwa sita, zimebanwa pini kwenye kona, na ile ya mwisho ilikuwa na mstari mtupu unaosubiri saini. Mwenye karatasi alikuwa amesimama kwenye sinki, ameegemea kwa mkono mmoja, anamwagia maji ya moto pakiti ya sombe (kisamvu) iliyoganda kama tofali. Aliumia mgongo kazini, ghalani, na tangu Desemba hawezi kuinama wala kumbeba mtoto. Mtoto mwenyewe, wa kiume, miaka miwili, alikuwa chini ya meza amekalia viatu vyangu. Tulikuwa Columbus, Ohio, mwezi wa pili, nje barafu tupu.

"Dada, unisomee hii," alisema. "Ile familia ya kanisa banasema batamulea mutoto mupaka nipate nguvu."

Nikasoma. Ukurasa wa tatu ulisema kwamba anayeridhia anakubali kukoma kuwa mzazi. Haki zake zote na wajibu wake wote vinakatika, mtoto anakuwa wa wengine kana kwamba amezaliwa nao, na mahakama ikishatoa amri ya mwisho hakuna kurudi nyuma. Niliipitia aya ile mara mbili kabla ya kufungua mdomo. Yeye akaniwahi.

"Nikishapona, banamurudisha lini?"

Naandika kwa sababu ya swali hilo. Kwa miaka sasa nawasomea watu wa jamii yetu karatasi zao, za nyumba, za shule, za hospitali, na sijawahi kukutana na karatasi ambayo neno moja la Kiswahili lililokosewa lingemgharimu mtu kiasi kile.

Nilimuuliza nani alimweleza mambo haya. Mkalimani wa kwenye simu, akasema, na mkalimani alitumia neno kulea. Sidhani yule mtu alikuwa na nia mbaya. Alitafuta neno haraka, akashika lililo karibu. Jambo lenyewe lililo kwenye karatasi, adoption kwa Kiingereza, Tanzania sheria na magazeti huliita kuasili mtoto. Kenya, na kwenye kamusi, utakuta pia kupanga, mtoto wa kupanga. Sasa kaa na mama aliyetoka Uvira au Fizi, kule Kongo, akapitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, umwambie kuasili. Wengi niliokaa nao hawajawahi kulisikia. Mwambie kupanga, atafikiria nyumba ya kupanga, na nyumba ya kupanga ina mwenyewe, siku moja inarudi kwake. Ukimwambia kulea ataitika kwa moyo wote, maana kulea anakujua kuliko huyo anayemtafsiria.

Mimi mwenyewe nililelewa. Nilikaa Kasulu kwa mama mkubwa tangu nina miaka sita mpaka nilipofika darasa la tano, kwa kuwa mama alikuwa anaumwa na shule ilikuwa jirani na kwa dada yake. Hakuna aliyesaini kitu. Mama mkubwa alinishonea sare, akanipeleka zahanati nikiumwa, akanichapa nilipostahili, na hapakuwa na siku mtu alidhani mama yangu amekoma kuwa mama yangu. Nilirudi nyumbani nikaendelea kuwaita wote wawili mama. Picha hiyo ndiyo iliyo kichwani mwa mtu wa kwetu anapoambiwa kwamba fulani atamchukua mtoto wake.

Sheria za majimbo ya Marekani zina picha nyingine kabisa. Kuasiliwa huko ni kuzaliwa mara ya pili mbele ya sheria. Cheti cha kuzaliwa kinaandikwa upya, majina ya waliomwasili mtoto yakikaa mahali pa baba na mama, na kile cha kwanza kinafungiwa. Kwa miongo mingi karibu majimbo yote yalimnyima hata mtoto mwenyewe kukiona akiwa mtu mzima. Kansas na Alaska hazikuwahi kukifungia. Oregon ilikifungua kwa kura ya wananchi ya mwaka 1998, New York ikakifungua Januari 2020, na California bado inataka kibali cha jaji. Babu na bibi wa damu wanageuka wageni. Urithi unafuata upande mpya. Mtoto aliyeasiliwa na familia isiyo ndugu zake hana tena shangazi wala mjomba wa kwao kwa maana ambayo mahakama inaitambua.

Halafu sheria yenyewe si moja. Mambo ya ndoa na watoto Marekani ni ya majimbo, na sheria ya Kiingereza ambayo majimbo yale yaliirithi haikujua kuasili. Uingereza yenyewe ilipata sheria yake mwaka 1926. Massachusetts ilitangulia mwaka 1851, ikimtaka jaji ajiridhishe kwamba waombaji wanafaa na wana uwezo wa kumtunza mtoto. Wengine wakafuata, kila jimbo kwa wakati wake na kwa hofu zake. Leo Maryland hairuhusu mtoto wa miaka 10 aasiliwe bila yeye mwenyewe kukubali, Ohio, Texas na California zinaanza kumuuliza akiwa na 12, Georgia 14. Kwa hiyo ushauri wa sauti unaotumwa WhatsApp na ndugu wa Houston, hata akiwa ameyapitia mwenyewe, unaweza kuwa kweli kabisa Texas na uongo Ohio. Nimeona watu wakipoteza miezi kwa ushauri wa namna hiyo, na wote waliohusika walikuwa na upendo.

Penye uzito hasa ni saini ya mama. Kila jimbo limejiuliza ni lini mwanamke aliyejifungua anaweza kuridhia mtoto wake aasiliwe, na majibu yanashangaza. Utah inasema saa 24 baada ya kujifungua, na akishasaini basi, haifutiki. Texas saa 48. Ohio na Pennsylvania saa 72. Massachusetts siku ya nne, na hapo nayo haifutiki. Kisha kuna muda wa kubadili mawazo. Georgia ilikuwa na siku 10; mwaka 2018 ikapunguza mpaka 4. Minnesota inatoa siku 10 za kazi. California, mtoto akitolewa moja kwa moja kwa familia bila kupitia shirika, mama ana siku 30, isipokuwa akiwa ametia saini ya kuuacha muda huo. Ohio haihesabu siku. Anayetaka kurudi nyuma lazima awahi kabla ya amri ya mahakama, na jaji aridhike kwamba kurudi huko kuna manufaa kwa mtoto.

Naisema wazi imani yangu: saa 24 ni ukatili. Kwetu mwanamke aliyejifungua jana yuko ndani, anakandwa maji ya moto, ananyweshwa uji wa pilipili manga, na hakuna anayethubutu kumletea hata habari ya deni la dukani. Siku arobaini zile bibi zetu hawakuziweka kwa ushirikina. Walijua kwamba mwili uliofunguka na akili isiyolala haviwezi kuamua jambo kubwa. Jimbo linalompa mwanamke huyo kalamu kabla maziwa hayajashuka limeangalia zaidi haraka ya wanaosubiri mtoto.

Wanaotetea muda mfupi wana hoja, na sitaipuuza. Illinois ilikuwa na kesi iliyojulikana nchi nzima kwa jina la Baby Richard: mtoto aliyezaliwa mwaka 1991, akatolewa akiwa na siku chache tu, baba yake aliyedanganywa kwamba mtoto amekufa akaja kumdai, na mwaka 1995 akakabidhiwa kwa baba huyo akiwa na umri wa miaka minne, akitolewa mikononi mwa watu pekee aliowajua kuwa wazazi. Watunga sheria walioona hayo kwenye televisheni walitaka mambo yafungwe mapema. Nawaelewa. Lakini kufunga mapema kunamlinda mtoto ikiwa tu aliyefunga alijua anafunga nini.

Hapo Ohio inastahili sifa kidogo. Mtoto akitolewa kwa watu wasio ndugu, mama anatakiwa kukutana ana kwa ana na mtaalamu aliyesomea kazi hiyo, si chini ya saa 72 kabla ya kusaini, na kisha afike mwenyewe mbele ya jaji wa mahakama ya mirathi, maana huko ndiko kesi za kuasili zinakosikilizwa. Jaji anamuuliza kama anaelewa mchakato, kama anaelewa matokeo yake, kama kuna aliyemlazimisha. Kwenye karatasi hiyo ni kinga nzuri.

Ila sisi tunajuana. Mtu wa kwetu akiulizwa na mkubwa aliyevaa joho, "Unaelewa?" atajibu ndiyo. Ndiyo hiyo ni ya adabu. Ni ndiyo aliyoitoa kwa afisa wa kambi, kwa daktari, kwa mwalimu mkuu, ndiyo inayomaanisha nimekusikia mheshimiwa, sitaki kukupotezea muda. Kwenye kumbukumbu za mahakama inaandikwa kama ridhaa. Na ikiwa kati ya jaji na mama kuna mkalimani anayesema kulea, basi mama amejibu kwa ukweli mtupu swali ambalo jaji hakuuliza.

Dawa ya ugonjwa huu imo tayari kwenye sheria za Marekani tangu mwaka 1978, na sijui kwa nini haijasambazwa. Ni sheria ya shirikisho inayohusu watoto wa Wahindi Wekundu, wenyeji wa asili wa nchi ile. Bunge lilipoipitisha lilikuwa na takwimu kwamba kati ya asilimia 25 na 35 ya watoto wa jamii hizo walikuwa wameondolewa kwenye familia zao, wengi wakilelewa na watu wasio wa kabila lao. Ripoti ya Bunge ilieleza jinsi wazazi maskini, wanaoishi kwa posho ya serikali, walivyoshawishiwa na maofisa wa ustawi wa jamii kusaini karatasi za kuacha haki zao. Kwa hiyo sheria ikaweka masharti. Ridhaa iliyotolewa kabla ya mtoto kuzaliwa au ndani ya siku 10 za kuzaliwa kwake ni batili. Lazima iwe ya maandishi, mbele ya jaji. Na jaji lazima athibitishe kwa maandishi kwamba matokeo yake yameelezwa kwa kina na mzazi ameyaelewa kikamilifu, ama kwa Kiingereza, ama yamefasiriwa kwa lugha anayoielewa. Mzazi anaweza kuifuta kwa sababu yoyote mpaka dakika ya mwisho kabla ya amri ya mwisho ya mahakama.

Rudia kusoma sharti lile la lugha. Halimtwishi mama mzigo wa kuuliza. Linamtwisha jaji mzigo wa kuthibitisha, na kuweka saini yake kwamba amethibitisha. Juni 2023, katika kesi ya Haaland dhidi ya Brackeen, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa kwa kura 7 kwa 2 kuiangusha sheria hiyo. Inaishi. Haimhusu mama wa Uvira, kwa kuwa imejengwa juu ya uhusiano wa serikali na mataifa yale ya asili. Lakini hakuna kinachozuia bunge la Ohio, au la Texas, au la Kentucky, kunakili sharti hilo moja na kulifanya la kila mzazi ambaye Kiingereza si lugha yake. Hilo ndilo ninalolidai, na ningependa jumuiya zetu, zile zinazochangishana kwa misiba na harusi kwa siku mbili tu, zilidai pamoja nami.

Anayedhani natia chumvi atazame watu wa Visiwa vya Marshall, nchi ya bahari ya Pasifiki, ambao maelfu yao wanaishi Springdale, Arkansas. Kwao pia mtoto hutolewa kwa ndugu alelewe, na anabaki wa ukoo wake, anamjua mama yake. Wakili mmoja, Paul Petersen, aliyekuwa pia afisa wa kuchaguliwa katika Maricopa County, Arizona, alijenga biashara juu ya desturi hiyo. Alikuwa akiwasafirisha wanawake wajawazito kutoka visiwani kuja kujifungua Arizona, Utah na Arkansas na kutoa watoto, wakati mkataba kati ya Marekani na visiwa hivyo unakataza kuingia Marekani bila viza kwa ajili ya kuasilisha mtoto. Alikamatwa Oktoba 2019, na Desemba 2020 mahakama ya shirikisho huko Arkansas ikamhukumu miezi 74 jela, kabla ya adhabu nyingine za majimbo. Wapo akina mama wa Marshall waliosema walidhani watoto watarudi. Neno lao na neno letu ni ndugu.

Kuna ahadi nyingine inayowaponza watu, ile ya kuonana. Mama wa Columbus aliniambia, "Nitamuona kila Jumapili kanisani." Huenda familia ile iliahidi kwa dhati. Lakini Ohio makubaliano ya kuendelea kumuona mtoto baada ya kuasiliwa hayamfungi mtu. Sheria yenyewe inayataja kuwa yasiyofunga. Wakihamia Florida kesho, hana pa kwenda kulalamika. Minnesota, Oregon na Washington mahakama inaweza kuyaweka kwenye amri na kuyatekeleza kwa nguvu. Mto mmoja tu katikati, Ohio upande huu na jimbo jingine ng'ambo, na ahadi ileile inaweza kuwa na uzito tofauti.

Na akina baba? Wahenga wetu walisema kitanda hakizai haramu, na majaji wa Marekani wangeelewana nao. Ohio, mume wa mama ndiye baba kwa dhana ya sheria, hata mtoto akizaliwa ndani ya siku 300 baada ya ndoa kuisha. Kwa familia zilizotawanyika na vita, hilo linageuka mtihani. Mume aliyebaki kambini au aliyepotelea barabarani miaka mitatu iliyopita bado anatakiwa atafutwe, apewe taarifa, au mahakama iridhishwe kwamba haipatikani njia ya kumfikia. Watu wanaona ni usumbufu. Mimi naona ni heshima kwa mtu ambaye hayupo kujisemea.

Asiyefunga ndoa hana dhana hiyo ya kumbeba. Majimbo mengi yana daftari ambalo mwanamume anayeamini amezaa nje ya ndoa anatakiwa kujiandikisha, asipofanya hivyo mtoto anaweza kuasiliwa bila yeye kuulizwa. Ohio inampa mpaka siku 15 baada ya mtoto kuzaliwa, Illinois 30, Texas 31. Mahakama ya Juu iliubariki utaratibu huo mwaka 1983 katika kesi ya Lehr dhidi ya Robertson. Kijana wa kwetu atanunua nepi, atatuma hela ya maziwa kila Ijumaa, atampeleka mama yake mzazi kumtazama mjukuu, na atadhani ubaba wake unajulikana mtaa mzima. Mtaa unaujua, daftari haliujui. Kujiandikisha anaweza hata kabla mtoto hajazaliwa. Tafadhali, kama una kaka au mdogo wako katika hali hiyo, mwambie leo.

Baba wa kambo anayetaka kumwasili mtoto wa mkewe ana njia nyepesi zaidi, ila ridhaa ya baba wa damu bado inatakiwa, isipokuwa amekaa mwaka mzima bila kuwasiliana au bila kutunza pasipo sababu ya maana. Ohio na Texas zote zinahesabu mwaka, kila moja kwa namna yake.

Swali ninaloulizwa zaidi, hata hivyo, linatoka upande wa pili wa meza: mtu mwenye grini kadi au uraia anataka kumwasili mtoto wa dada yake aliyefariki nyumbani ili aje asome. Anaenda mahakama ya jimbo, jaji anatoa amri, familia inapiga picha na kukata keki, kisha idara ya uhamiaji inakataa. Amri ya jimbo inakufanya mzazi. Haimfanyi mtoto mhamiaji. Sheria ya uhamiaji ni ya shirikisho na inataka mtoto awe ameasiliwa kabla ya kufikisha miaka 16, au 18 ikiwa ndugu yake mdogo wa damu ameshaasiliwa na watu haohao, na awe ameishi na mzazi huyo chini ya ulezi wake wa kisheria miaka 2.

Juu ya hapo uko Mkataba wa Hague, ule wa kimataifa wa kuasili watoto kutoka nchi moja kwenda nyingine, ulioanza kuifunga Marekani tarehe 1 Aprili 2008. Kenya imo, Burundi na Rwanda zimo. Raia wa Marekani akimleta mpwa wake kutoka Kisumu kwa viza ya matembezi na kumwasili mahakamani Dallas, ombi la kifamilia la uhamiaji kwa kawaida halipiti, kwa kuwa hatua za mkataba zilitakiwa zitangulie huko Kenya, na Kenya yenyewe ilisimamisha watoto wake kuasiliwa na wageni tangu Novemba 2014. Mwenye grini kadi hafungwi na mkataba huo kwa namna hiyohiyo, anabaki na ule utaratibu wa miaka miwili. Kwa mtoto wa Tanzania, ambayo haimo kwenye mkataba, mlango ni mwingine tena. Ndiyo maana huwa nawasihi watu waanze kwa wakili wa uhamiaji, wa familia afuate. Mtoto akifikisha miaka 16 katikati ya safari hii, hakuna jaji wa jimbo anayeweza kuurudisha umri wake.

Waislamu wa jamii yetu wana uzito wao wa ziada. Surat al-Ahzab inaagiza watoto wa kulea waitwe kwa baba zao, na cheti kipya cha jimbo kinafanya kinyume chake hasa. Nimeona familia zikimlea yatima kwa miaka bila karatasi yoyote kwa kuogopa dhambi hiyo, mpaka siku mtoto anatakiwa kufanyiwa upasuaji na hospitali inauliza nani mwenye mamlaka ya kusaini. Ulezi wa kisheria, ule unaotolewa na mahakama bila kufuta ukoo, unakaribia sana kafala, ulezi wa Kiislamu. Jina linabaki, nasaba inabaki, na mlezi anaweza kusaini. Urithi hauji wenyewe, kwa hiyo wosia uandikwe. Kenya imeitaja kafala katika sheria yake ya watoto ya mwaka 2022. Sijaona bado jimbo la Marekani lililoliweka neno hilo ndani ya sheria ya kuasili.

Ulezi huo wa kisheria ndio ambao kwa maoni yangu watu wengi wa kwetu wanauhitaji wanapodhani wanahitaji kuasili. Hata kabla ya kufika mahakamani kuna karatasi nyepesi zaidi. California ina hati ya kiapo ambayo ndugu anayekaa na mtoto anaisaini mwenyewe na kuweza kumwandikisha shule na kumpeleka hospitali. Texas ina makubaliano ambayo mzazi anampa ndugu mamlaka ya kumtunza mtoto, yanasainiwa mbele ya mthibitishaji, bila jaji. Vitu hivi havitangazwi sana. Hakuna anayelipwa navyo.

Mama wa Columbus hakusaini zile kurasa sita. Nilipomweleza ukurasa wa tatu kwa maneno ambayo yeye angeyatumia, kwamba atakuwa si mama yake tena na serikali itaandika hivyo, alizima jiko akakaa. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akampigia mdogo wake aliye Dallas, wakaongea Kibembe ambacho sikifahamu, wakalia, wakacheka. Kwa kuwa ni mama mwenyewe anayemtuma mtoto kwa dada wa damu, ule mkataba wa majimbo wa kuwahamisha watoto, ambao ungedai vibali vya pande zote mbili kama mtoto angekuwa mikononi mwa serikali, haukuwagusa. Wakili wa msaada wa kisheria aliipitia fomu ya Texas akasema inafaa.

Nilirudi wiki iliyofuata kumsomea. Kuna sehemu inayosema makubaliano yanakwisha pale mzazi anapoyafuta kwa maandishi. Akasema nirudie. Nikarudia. Akaniomba nimwonyeshe ni mstari upi hasa, akaupigia mstari wa kalamu chini yake, akakunja karatasi akaitia kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kadi ya chanjo ya mtoto.